Mvua ya Maeneo Machache

Anikaye kwa utabiri huanua kwa jirani.

Mmeisikia leo asubuhi kwa Bi Mchanga, akimwambia mkwewe aliyekuwa akitandaza mpunga uani kwa sababu simu imemwonyesha vijua vimepangwa mstari, Jumatatu hadi Jumapili. Mkacheka, mkasema bibi wa watu anaionea simu wivu. Wala. Bi Mchanga akiamka tu, kabla hajasukutua, huuliza simu inasemaje. Alichokuwa akimwambia mkwewe ni kitu kingine, na kwa kuwa mmeuliza maneno yale yametoka wapi, kaeni mpewe. Mwenye simu mkononi aiweke chini kwanza, haitapoa. Yalitoka kijiji cha Mtondooni, kisiwani Pemba, na hivi ndivyo yalivyozaliwa.

Wakati huo habari za hewa zilitoka redioni. Kila Jumamosi jioni, baada ya matangazo ya vifo, msomaji aliusoma utabiri wa juma zima kwa mwambao na visiwa, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Mtondooni hapakuwa na mtu aliyeusikiliza kama Kidawa, mke wa Faki Kombo. Aliusikiliza akiwa amekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi haikuniki, na aliyethubutu kukohoa alikatwa jicho. Asubuhi yake aliutangaza upya kisimani, akitia chumvi kidogo pale alipoona msomaji kapwaya. "Juma hili jua, wenzangu, anikeni." Na watu walianika, maana katika miezi ya kaskazi, joto linapotuama juu ya kisiwa na majani ya mgomba yananing'inia yamechoka, utabiri ulikuwa haukosei mara nyingi.

Ila utabiri ule ulikuwa na mkia. Baada ya jua, na joto, na upepo, msomaji alimalizia kwa maneno yale yale kila juma: na uwezekano wa mvua katika maeneo machache. Siku moja Faki, aliyekuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, alimuuliza mkewe hayo maeneo machache ndiyo wapi.

"Makangale huko, mwisho wa kisiwa," Kidawa akajibu bila kugeuka.

Msimcheke. Hata nyinyi mkisikia maeneo machache hudhani ni kwa wenzenu.

Kidawa na Faki walijaaliwa mtoto mmoja tu, Raya, na mwaka huo Raya alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa mtu wa Unguja, fundi wa mashine, kijana mpole mwenye haya, na hapakuwa na kitu cha kumlaumu isipokuwa bahari iliyokuwa katikati. Kwa desturi ya Mtondooni mama humtoa binti yake na godoro la sufi, na sufi yenyewe si ya kununua. Huokotwa chini ya msufi, hutolewa mbegu kwa vidole, huanikwa juani mpaka itutumke, hupigwa fimbo, ndipo ijazwe na kushonwa. Kidawa alikuwa akiikusanya tangu Raya alipovunja ungo. Magunia aliyatundika darini, mbali na panya, na kila aliposikia sherehe kwa watu alikwenda kuyabonyeza aone yamefika wapi.

Kabla sindano haijapita katika godoro kuna jambo moja hufanywa. Konzi ya kwanza ya sufi hutiwa kwa mkono wa aliyemnyonyesha bibi arusi, akimtakia usingizi mwema kwenye nyumba ya watu. Kwa mabinti wengi aliyenyonyesha ndiye aliyezaa, na konzi hupita bila maneno. Kwa Raya mambo hayakuwa hivyo.

Kidawa alipojifungua alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka, na kwa siku nyingi hakujua yuko kwao au ahera. Aliyemchukua mtoto ni Mize, jirani wa ua wa pili, ambaye mwanawe Khatib alikuwa bado ziwani. Mize alimweka Raya upande mmoja na Khatib upande wa pili, akawanyonyesha wote. Kidawa alipopata nafuu aliletewa mtoto aliyenona, mashavu tele, akilia kwa kutolewa mikononi mwa mwingine. Tangu siku hiyo Raya alikuwa na mama wawili, na ua wa makuti baina ya nyumba zile mbili ukawa kazi yake ni kuzuia kuku. Kidawa akisonga ugali, Mize anatia mchuzi. Mize akilalamikia magoti, na alilalamika sana, Kidawa ndiye msikilizaji. Kwa miaka yote ile walikosana na kupatana kama watu wanaokula sahani moja, na hakuna aliyeyatia moyoni.

Mpaka siku ya mkaja.

Mkaja mnaujua. Ni nguo anayotunzwa mama wa bibi arusi na upande wa bwana, ukumbusho wa ule mkanda aliojifunga tumboni baada ya kuzaa. Wanawake wa Unguja waliuleta kwa sinia, wamevaa, wananukia, na hakuna aliyemjua mama wa bibi arusi kwa sura. Kidawa alikuwa jikoni anatazama kahawa. Ndani ukumbini Raya alikuwa ameketi ameegemea bega la Mize. Basi mkubwa wa msafara, mama mmoja mchangamfu wa macho hafifu, alikwenda moja kwa moja, akaiweka nguo mapajani mwa Mize na kumwambia, "Pokea mkaja wako mama, umetulelea." Vigelegele vikalia. Mize hakusema kitu. Aliushika mkaja ule na kupitisha kiganja juu yake, polepole, toka pindo hadi pindo.

Kidawa alimkuta hivyo, birika la kahawa mkononi. Kosa lilisahihishwa papo hapo. Mtu alicheka, mgeni akaomba radhi, nguo ikahama. Wageni walikunywa kahawa yao na hawakujua kuwa wamewasha moto. Walipoondoka, Kidawa alisimama mlangoni, uso umemfura.

"Yule mgeni hajui," alisema. "Wewe unajua. Wewe ulinyonyesha, Mize. Mie nilizaa."

"Kidawa, ngoja nikwambie."

"Usiniambie. Usitie mguu mlangoni kwangu mpaka arusi ipite."

Mize aliokota leso yake, akajitanda, akatoka. Ulimi hauna mfupa, wanangu, lakini siku ile ulivunja.

Raya aliyasikia yote akiwa chumbani. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake, kama alivyofanya utotoni alipotaka kitu kikubwa.

"Mama, konzi ya kwanza atatia nani?"

"Mimi."

"Na Mama Mize?"

"Raya, nimesema."

Mtoto hakubisha, hakuwa mtu wa kubisha. Alirudi chumbani na kwa siku zilizofuata alifanya kila alichoambiwa, akila kidogo, akicheka pale inapobidi. Faki alimwona. Siku moja, akiwa anafunga kamba ya kupandia mikarafuu, alimwambia mkewe, "Mtoto huyu anavuka bahari. Usimpeleke na moyo nusu." Kidawa akajibu kuwa moyo wa mtoto mzima kabisa. Lakini aliyasema akiwa ameangalia pembeni. Alijua kuwa Raya angepanda boti Jumapili baada ya arusi, na kwamba kama hali ingebaki vile, angekwenda kwa watu akijua mama zake wawili wameachana kwa ajili yake. Alilijua hilo na bado hakuweza kuumeza ule mkono uliokuwa ukipita juu ya mkaja.

Jumamosi jioni redio ikasema: juma lijalo, mwambao na visiwa, jua kwa ujumla, joto kali, upepo wa wastani, na uwezekano wa mvua katika maeneo machache. Kidawa alipumua. Jumatatu alishusha magunia, akatandika majamvi ua mzima, akaitandaza sufi yote na kuifunika kwa chandarua kikuukuu, mawe pembeni, isipeperuke. Jua likaifanyia kazi. Kufikia adhuhuri sufi ilikuwa imeinua chandarua kutoka chini, na Raya, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkaja, alicheka bila kulazimishwa.

Upande wa pili wa ua Mize naye alikuwa ameanika karafuu zake. Walizoea kuanika pamoja, huku wanasemana watu. Sasa kila mmoja alisikia ufagio wa mwenzake. Mize alikuwa na kikohozi kile cha kiangazi, na kila alipokohoa Kidawa alisikia neno pole likimjia mpaka kwenye meno, akalirudisha.

Hapa kuna desturi nyingine ya Mtondooni lazima muijue. Kwao kuanika ni kwa mtu, kuanua ni kwa wote. Wingu likisimama juu ya kijiji, aliye nyumbani huanua cha kwake na cha asiyekuwapo, nguo, mpunga, karafuu, muhogo, hata kama wawili hao hawapendani sana. Hakuna anayeomba ruhusa, na hakuna anayeshukuru, kwa sababu kesho itakuwa zamu yako. Na Kidawa, kila alipotoka, alikuwa na neno lake la kumpigia Mize juu ya makuti: "Macho yako uani kwangu." Lilikuwa kama kufunga mlango.

Alhamisi ilibidi aende mjini na Raya, nguo ya arusi ikapimwe kwa mara ya mwisho. Faki alikuwa juu ya mikarafuu ng'ambo ya bonde, na karibu kijiji kizima kilikuwa huko, maana ulikuwa msimu. Nyumba zile mbili zilikuwa za mwisho kijijini. Kidawa alijitanda, akasogea kwenye ua wa makuti, akafungua mdomo. Upande wa pili akasikia kikohozi. Akaufunga mdomo.

"Twende," alimwambia Raya. "Redio imesema jua."

Na mjini lilikuwa jua kwelikweli. Fundi cherehani alikuwa amefungua milango yote miwili na bado jasho lilimdondoka puani. Raya alikuwa amesimama katikati ya duka, pini mabegani, akiambiwa asipumue, pale alipoingia mteja mmoja na suruali iliyolowa hadi magotini. Fundi akamuuliza amepita wapi. Yule mtu akasema ametoka upande wa Mtondooni, na huko ni mvua ya kumwagwa kwa ndoo, barabara imekuwa mto.

Kidawa alitoka nje. Juu ya mji mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, lakini kule kwao, nyuma ya vilima, wingu moja lilikuwa limekaa, zito, jeusi, halina mwenzake. Yale maneno ya mkiani, aliyoyasikia kila Jumamosi na kuyapeleka Makangale, yalimrudia yote, na safari hii yalikuwa na jina la kijiji chake.

Walipata gari iliyokuwa inarudi na magunia matupu ya karafuu. Nusu ya njia ilikuwa vumbi. Kisha, kwenye kona moja, barabara ikawa nyeusi na inang'aa. Kidawa alikuwa akiiwaza sufi: jinsi inavyoshikana ikilowa, jinsi inavyooza na kunuka, na hata ukiikausha vipi hailaliki. Nyingine hana, na msufi ulikuwa umekwisha kutoa ya mwaka. Akawaza nani alikuwa nyumbani wa kuanua. Alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo yeye ndiye aliyempiga marufuku kwa mdomo wake. Asingemlaumu akikaa ndani kwake akaitazama mvua ikinyesha.

Raya alimshika mkono. "Basi, mama. Nitalalia mkeka. Wangapi wamelalia mkeka na ndoa zao zimekaa."

Kidawa akalia. Alilia waziwazi, mbele ya dereva na utingo wake, leso mdomoni, na hakujali.

Walipofika, mvua ilikuwa imekwisha. Jua lilikuwa limetoka tena kana kwamba halijafanya kosa. Ua ulikuwa madimbwi matupu. Majamvi yalikuwa yamelowa chapa, chandarua kimetupwa juu ya jiwe, lakini sufi haikuwapo, hata uzi. Kidawa alizunguka kama aliyepotewa na mtoto sokoni. Ndipo alipoona ua wa makuti. Ulikuwa umekatwa katikati, makuti yamelazwa chini, pengo la kupita mtu na mzigo.

Kupitia pengo lile aliona ua wa Mize. Jamvi la karafuu lilikuwa pale pale lilipokuwa asubuhi. Karafuu zilikuwa zinaelea. Nyingine zilishukia mferejini, zikafuata maji hadi chini ya mchungwa, na harufu yake ilikuwa imejaa hewani, kali, ya karafuu iliyoharibika. Zilikuwa karafuu za msimu mzima, alizochuma Mize na magoti yake yale, na zilikuwa zimebakiza kidogo tu kukauka.

Kidawa akapita pale penye pengo mpaka mlangoni.

"Hodi, Mize."

"Karibu," ikajibu sauti iliyokauka.

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Sufi ilikuwa kitandani, chini ya kitanda, juu ya kabati, imefungwa kwenye mashuka, kwenye leso, kwenye pazia la dirisha lililong'olewa na misumari yake. Sufuria kubwa ya pilau ilikuwa imejaa sufi na kufunikwa. Mize mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni kwenye pembe, mbali nayo, asije akaidondoshea maji. Alikuwa amerowa toka kichwani, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka kuchekecha unga.

"Usiingie na majimaji hayo," alisema. "Jipanguse miguu kwanza."

Kidawa hakujipangusa. Alibaki kizingitini. "Mize, karafuu zako."

"Nimeziona."

"Zilikuwa zimekwisha kukauka."

"Zilikuwa bado kesho." Mize alikohoa, akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nna mikono miwili tu, Kidawa. Mvua haikunipa nafasi ya kwenda na kurudi. Ilikuwa zile au hii. Na usidhani nimefanya kwa furaha. Kila furushi nililobeba, nilikutukana."

"Umefanya haki."

"Na mlangoni kwako sikutia mguu. Nimepita uani."

Kidawa alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alikaa pale pale kizingitini. Mize akawa anajinyofoa sufi kwenye mikono, uzi mmoja mmoja.

"Siku ile," Kidawa alisema hatimaye, "kwa nini hukumwambia yule mama kuwa si wewe?"

"Nilikuwa nataka kumwambia."

"Ulikuwa umenyamaza. Nilikuona."

Mize akainamisha kichwa. "Nilijua mkaja si wangu. Nilitaka niushike kidogo tu, kisha nikupe. Yule mama aliniambia nimewalelea, Kidawa. Hilo neno, tangu nimchukue mtoto hadi leo anaolewa, hakuna mtu aliyepata kuniambia."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Kidawa alifikiri. Alirudi nyuma miaka yote ile, ugali na mchuzi, homa na arusi na misiba, akilitafuta neno lile mahali fulani. Alikuwa amempa Mize kila kitu ila hilo, kwa kudhani kuwa kwa watu wa ua mmoja halina haja ya kutamkwa. Akasimama, akaingia na miguu yake ya matope, akapiga magoti mbele ya Mize.

"Umenilelea mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakufa, na kila nilipofumbua macho nilisikia mtoto halii, nikajua yuko kwako, nikafumba tena kwa amani. Wewe ndiye uliyenifanya nipone. Nilikuonea wivu, Mize. Siku ile mwanangu alikuegemea, na ulikuwa umependeza na mkaja ule. Nisamehe."

Mize alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza kwenye leso yake iliyorowa. Walilia wote wawili. Raya alikuwa amefika mlangoni, alikuwa amesikia. Aliingia, akakaa katikati yao, na Mize, huku machozi yanamtoka, akamgombeza kuwa yeye naye hajajipangusa.

Alasiri ile walizizoa karafuu watu watatu, wakizitoa matope kwa maji safi na kuzitandaza upya. Sitawadanganya: karafuu iliyolowa hairudi kuwa karafuu. Rangi ilikuwa imekufa. Jioni Faki alirudi kutoka shamba, akatazama pengo kwenye ua, akatazama jamvi la Mize, akatazama nyuso za wanawake. Alibeba gunia lake la karafuu zilizokauka, akapita penye pengo na kulimwaga kwenye jamvi jingine la Mize lililokuwa tupu.

"Hiyo nini, shemeji?" Mize akauliza.

"Karafuu," Faki akasema, akaenda zake kuoga.

Ijumaa baada ya sala wanawake wa Mtondooni walikusanyika uani kwa Kidawa. Sufi ilikuwa imepata jua tena asubuhi na kupigwa fimbo mpaka nyepesi. Mfuko wa godoro ulifunguliwa mdomo. Kidawa alimshika Mize mkono, akamsogeza mbele ya wote.

"Huyu ndiye aliyemnyonyesha mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wa mwisho. "Konzi ya kwanza ni yake."

Mize alichota. Aliupeleka mkono mpaka chini kabisa, kwenye pembe ya kichwani, na akabaki hivyo, mkono ndani hadi begani.

"Ulale, mwanangu," alisema. "Ukilia, lia kidogo. Ukiamka, jua una kwenu."

Raya alijifunika uso kwa leso. Kidawa akatia konzi ya pili, na baada yake kila mwanamke ya kwake, mpaka godoro likavimba. Sindano zikaanza. Ndipo jirani mmoja, ambaye alikuwa anaiwaza ile mvua tangu jana, akauliza sufi imeponaje na mwenyewe alikuwa mjini, na kisha akachokoza kidogo: "Si ulitutangazia jua juma zima, Kidawa? Redio yako imekudanganya."

"Haikudanganya," Kidawa akajibu, uzi mdomoni. "Kisiwa kizima kilikuwa na jua, nimeliona kwa macho yangu. Redio inasema na kisiwa; haiwezi kusema na ua wangu. Mimi nilianika kwa utabiri, nikaanua kwa jirani."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika, wakalichukua neno. Mmoja akalitia sauti, wengine wakapokea, na godoro la Raya likashonwa kwa wimbo huo hadi magharibi. Kesho yake, Jumamosi, ndoa ikafungwa, na jioni Kidawa alisikiliza utabiri kama kawaida yake, amekaa juu ya mbuzi, na Mize kando yake akikohoa bila kukatwa jicho.

Jumapili Raya akavuka.

Sasa nyinyi mmedhani methali hii imefika hapa kwa kutangazwa na nani? Raya alifika hapa Unguja kwenye mtaa asikomjua mtu. Mumewe alitoka kwenda kazini, na yeye akafua shuka zake za arusi, akazitundika uani. Mbingu ilikuwa safi. Redio ya jirani, kupitia ukuta, ilikuwa imesema jua juma zima. Alizitazama shuka zake kwa muda. Kisha akajitanda vizuri, akatoka, akasimama mlango wa pili na kupiga hodi.

Alifunguliwa na mwanamke mtu mzima, unga mikononi, uso wa mtu aliyekatizwa kazi.

"Shikamoo, mama. Mie mgeni, naitwa Raya, nimeolewa nyumba hii ya pili. Nimeanika, naomba macho yako uani kwangu."

Yule mwanamke akatazama juu. "Na mvua iko wapi, mwanangu? Hukusikia redio?"

"Nimeisikia, mama," Raya akasema. "Lakini kwetu husema, anikaye kwa utabiri huanua kwa jirani."

Yule mwanamke alimtazama, mtoto wa watu, hina bado mbichi miguuni, amesimama juani peke yake. Akajifuta unga kwenye leso, akaufungua mlango wote.